George Hurst: mtu wa levye ya vitesi, na chombo chenye kinatoa watu ndani ya gari iliyopondeka

Siku ukipanda taksi hapa mjini, angalia mikono ya shofere. Mmoja uko kwenye volani. Wa pili uko kwenye levye ya vitesi. Gari nyingi zenye zinatembea hapa mashariki ni okazyo kutoka Japani, volani iko kuume, na nyingi ni otomatike. Kwenye levye kuna herufi: P, R, N, D. Shofere anavuta, gari inatii. Hakuna mtu anajiuliza swali, mpaka siku levye inaonyesha P lakini gari inaanza kuteremka mlima peke yake, watoto wakiwa ndani.

Leo tunawaletea maisha ya mtu mwenye alijenga jina lake juu ya kitu hicho kidogo. Aliitwa George Hurst, Mmarekani, alizaliwa mwaka wa 1927 na akafariki mwaka wa 1986. Wapenda gari wanamjua kwa sababu ya mbio. Wazima-moto wanamjua kwa sababu nyingine, na hiyo ya pili inatugusa sisi wote wenye tunasafiri kwenye barabara hizi zetu.

Alianza kama mafundi wengi

Hurst hakuanzia katika kiwanda kikubwa. Alikuwa fundi wa garaji katika jimbo la Pennsylvania, upande wa mashariki wa Marekani. Miaka ya 1950, vijana wa huko walikuwa wananunua gari nzee ya bei ndogo, wanatoa moteri yake dhaifu, wanaingiza moteri kubwa ya V8. Shida ilikuwa moja: moteri mpya haikai mahali pa ile ya zamani. Hurst akatengeneza vyuma vya kushikilia moteri, ili V8 ikae vizuri ndani ya gari isiyokuwa yake.

Mwaka wa 1958, yeye na rafiki yake Bill Campbell wakaanzisha kampuni ndogo yenye ilikuwa na majina yao mawili, Hurst-Campbell. Kati ya vitu vyao vya kwanza kulikuwa bampa za nyuma za basi ndogo za Volkswagen. Kazi ya kutafuta mkate tu, sawa vile kila fundi anafanya. Kiisha wakakuja kwenye levye.

Juu ya nini levye?

Wakati ule, gari nyingi za Marekani zilikuwa na levye kwenye shina la volani, si chini. Kutoka pale mpaka kwenye bwate ya vitesi kulikuwa vyuma virefu vyenye viungo vingi. Kila kiungo kikilegea kidogo, mkono wa shofere unapoteza habari: yeye anafikiri ameingiza ya tatu, kumbe bwate iko katikati, haina kitu. Hata gari zenye levye chini, vyuma vyake vya kiwanda vilikuwa vyepesi. Ukivuta kwa nguvu vinapinda.

Kwa mtu anayeenda sokoni, hiyo ni usumbufu tu. Lakini kwenye mbio za Wamarekani za mita 400 hivi, ambapo gari mbili zinasimama pamoja na kutoka pamoja kwa moto wote, kukosa vitesi moja ni kushindwa. Tena ni hatari: moteri ikikosa mzigo ghafla, mguu ukiwa bado umekanyaga, inazunguka kupita kipimo na inaweza kupasuka.

Jibu la Hurst lilikuwa la fundi. Alitengeneza levye ya chini, ya chuma kinene, na ndani yake akaweka vizuizi vyenye fundi anaweza kurekebisha kwa vizi. Levye ikifika mahali pake, inagonga kizuizi na kusimama. Haipiti, haipindi. Shofere anasikia mkononi kama vitesi imeingia. Hiyo ndiyo siri yote. Watu wa mbio wakaikimbilia.

Kutoka garaji mpaka kiwandani

Kampuni ya Pontiac ilikuwa na mtu wa matangazo aliyeitwa Jim Wangers. Huyu alipenda mbio, na alielewa kama kijana anayenunua gari anataka kile kitu anachokiona kwenye mashindano. Mwaka wa 1964 Pontiac ikatoa GTO: gari ya ukubwa wa kati yenye moteri kubwa ya lita 6.4. Wengi wanasema hiyo ndiyo ilifungua zama za gari zenye Wamarekani wanaziita muscle cars, ndiyo kusema gari zenye misuli. GTO yenye vitesi vya chini ilitoka kiwandani ikiwa na levye ya Hurst. Kitu chenye vijana walikuwa wananunua mbali na kufunga wao wenyewe, sasa kilikuja pamoja na gari mpya.

Hurst alijua pia kuuza. Alipeleka kwenye mashindano gari za kushangaza watu: Barracuda yenye moteri nyuma chini ya kioo, yenye ilikuwa inanyanyua magurudumu ya mbele na kutembea kwa ya nyuma tu, na Oldsmobile yenye moteri mbili. Msichana Linda Vaughn alikuwa anapita mbele ya watu akiwa amesimama juu ya gari pembeni ya levye kubwa kuliko mtu.

Levye ya otomatike

Watu wengi walifikiri otomatike si ya mbio. Shofere wa mbio anataka kuchagua yeye mwenyewe saa ya kubadilisha. Otomatike ya kawaida unaweza kuivuta kwa mkono, lakini ukivuta kwa haraka kutoka ya kwanza, levye inaweza kupita D na kufika N. Moteri inalia bure.

Hurst akatengeneza levye yenye njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kila siku: unaweka D na unasahau. Ukihamisha levye kwenye njia ya pili, pembeni, kila mara unasukuma inapanda vitesi moja na inagonga kizuizi. Haiwezi kuruka. GTO ya mwaka wa 1967 yenye otomatike na levye ya chini ilikuja nayo kutoka kiwandani. Katika matangazo, njia moja iliitwa ya bwana na nyingine ya bibi. Ni akili ya wakati ule. Wamama wenye wanashika volani leo hawatafurahia.

Mpaka sasa kuna watu Marekani wenye wanatengeneza gari hizo za zamani na kufunga levye ya namna hiyo mahali pa ile ya kwenye volani. Kazi yake inafundisha hata fundi wa kwetu, basi tuieleze kwa kifupi. Gari inawekwa mahali sawa, magurudumu yanazuiwa, waya wa betri unatolewa. Vyuma vya zamani vinaondolewa. Kabla ya kutoboa sakafu, fundi anaingia chini na kuangalia kama hapo hakuna bomba ya mafuta wala waya. Levye inafungwa kwa buloni, na kable inapelekwa mpaka kwenye kile kimkono kidogo pembeni ya bwate. Kable inapita mbali na bomba ya moshi, kwa sababu moto wake unayeyusha ganda.

Hapo ndipo kuna kazi yenyewe. Levye inawekwa P. Kimkono cha bwate nacho kinawekwa P, kwa mkono, mpaka mwisho. Kiisha urefu wa kable unarekebishwa mpaka inaingia mahali pake bila kulazimishwa. Ukilazimisha hata kidogo, umefunga uongo ndani ya gari: juu panaonyesha P, chini bwate haijafika. Fundi anapita herufi zote moja moja, anasikiliza kila mgongo. Mwishowe anahakikisha kama moteri inawaka katika P na N tu. Ikiwaka katika D, gari inaweza kuruka mbele na kuua mtu anayesimama pale.

Gari yenye jina lake

Mwaka wa 1968 jina la Hurst likapanda zaidi. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa imekataza kuweka moteri ya kupita lita 6.5 hivi katika gari za ukubwa wa kati. Kwa njia ya kushirikiana na Hurst, Oldsmobile ikatoa gari iliyoitwa Hurst/Olds, ya moteri ya lita 7.5, yenye otomatike na levye ile ya njia mbili. Zilitengenezwa 515 tu mwaka ule. Fundi wa garaji sasa alikuwa na jina lake kwenye gari ya kiwanda kikubwa.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo lingine.

Saa moja ndani ya mabati

Mwaka wa 1961 Hurst alikuwa kwenye mashindano ya gari na aliona ajali. Shofere alibanwa ndani. Watu walihangaika zaidi ya saa moja kumtoa. Vyombo vya wakati ule vilikuwa misumeno ya kukata chuma, yenye inatoa cheche karibu na mafuta yaliyomwagika, na vyuma vya kunyanyulia, vyenye vinatikisa gari pamoja na mtu aliyevunjika ndani.

Hurst alikuwa mtu wa kuuza mwendo. Angeweza kurudi nyumbani na kuendelea na levye zake. Lakini alianza kutafuta chombo chenye kinaweza kufungua gari bila moto na bila kutikisa. Kilichotoka ni mikono miwili ya chuma inayosukumwa na nguvu ya mafuta yaliyobanwa, sawa na jeki. Inaingizwa kwenye nafasi ndogo ya mlango, inafunguka polepole, na mlango unaachia. Chombo cha kwanza kilikuwa kizito, cha kutumiwa kwenye mashindano. Mwanzo wa miaka ya 1970 kilianza kuuzwa kwa wazima-moto, na kikapewa jina Jaws of Life, yaani Taya za Uhai, kwa sababu kinanyang'anya mtu kutoka kwenye taya za kifo. Leo vyombo vya namna hiyo viko kwa wazima-moto wa nchi nyingi za dunia.

Mwisho wake

Mwaka wa 1970 kampuni ya Hurst iliuzwa kwa kampuni kubwa iliyoitwa Sunbeam. Toka hapo jina lilibaki kwenye levye, lakini mwenye jina hakuwa tena bwana wa kampuni. Zama za gari za misuli nazo zikaisha: sheria za moshi, bei ya asiransi, na mwaka wa 1973 mafuta yakapanda bei. Hurst alifariki mwaka wa 1986 huko California, hajafikisha miaka 60.

Hapa kwetu, gari ikianguka kwenye kona za milima yetu, mara nyingi wenye wanafika wa kwanza ni wakaaji wa pale, na vyombo vyao ni mikono, kamba na chuma cha kunyanyulia. Wanafanya kwa moyo, na wamekwisha kuokoa wengi. Lakini ile saa moja ya mwaka wa 1961 sisi tungali tunaiishi. Tukidai barabara kwa viongozi wetu, tudai pia chombo cha kutoa mtu ndani ya gari, na watu waliofundishwa kukitumia.

Na wewe shofere, kesho asubuhi, mahali pa sawa, achia freni ya mkono kidogo levye ikiwa P. Gari ikisogea, usingoje mlima. Peleka kwa fundi.