Léopold Louis Joubert

Léopold Louis Joubert (Saint-Herblon, Ufaransa, 22 Februari 1842 – Misembe, Kongo ya Kibelgiji, 27 Mei 1927), maarufu kama Kapteni Joubert, alikuwa mwanajeshi na mmisionari mlei aliyeongoza ulinzi wa misheni za Kikatoliki kandokando ya Ziwa Tanganyika, zikiwemo Karema (leo katika Mkoa wa Katavi, Tanzania) na Mpala (Kongo).

Askari wa Papa

Mwaka 1860 alijiunga na kikosi cha wapiga bunduki wa kujitolea, hasa Wafaransa na Wabelgiji, waliokwenda kutetea Dola la Papa. Mwaka 1861 kikosi hicho kilikuwa chanzo cha Wazuavu wa Papa. Joubert alipigana Castelfidardo (1860) na kufikia cheo cha kapteni. Jeshi hilo lilivunjwa baada ya Italia kuteka Roma mwaka 1870.

Karema na Mpala

Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alitafuta askari wa zamani wa Papa ili walinde misafara na misheni. Joubert alikuja mara ya kwanza mwaka 1880, akarudi Ufaransa mwaka 1885.

Karema ilikuwa boma lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, na mwaka 1885 lilikabidhiwa kwa wamisionari. Joubert alifika huko mwishoni mwa 1886, kisha Machi 1887 akavuka ziwa kwenda Mpala. Huko aliwafundisha wenyeji kutumia bunduki ili kujikinga na wawindaji wa watumwa, wakiwemo watu wa Rumaliza wa Ujiji. Wengi waliokimbia mashambulizi walipata hifadhi katika vijiji vya misheni. Hata hivyo, Joubert hakuwa mlinzi tu: alitawala eneo hilo na kuamua kesi kabla serikali ya kikoloni haijafika.

Mwaka 1891 Kapteni Alphonse Jacques alileta msaada kutoka Ubelgiji. Rumaliza alishindwa mwaka 1894, na nguvu ikahamia kwa Dola Huru la Kongo upande wa magharibi wa ziwa, huku Karema ikiwa chini ya Wajerumani.

Familia na miaka ya mwisho

Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakae, mwenyeji wa huko, wakaishi Mrumbi. Baadaye ugonjwa wa malale uliwalazimu kuhamia Misembe, karibu na Moba. Hakurudi tena kuishi Ulaya.