Hermann von Helmholtz na Kioo cha Kutazamia Ndani ya Jicho

Twapenda kuwaeleza ndugu zetu habari za mtu ambaye wagonjwa wa macho wana deni kubwa kwake, ingawa wengi wao hawalijui jina lake. Naye ni Hermann von Helmholtz, aliyezaliwa Potsdam, Ujerumani, mwaka 1821.

Baba yake alikuwa mwalimu asiye na mali. Kijana alitamani elimu ya fizikia, lakini mlango uliokuwa wazi kwake ni kusoma utabibu Berlin kwa gharama ya serikali, kwa sharti ya kulitumikia jeshi baadaye. Akiwa masomoni aliugua homa ya matumbo, akatibiwa bure. Posho yake ikalimbikizana, na alipopona akanunua hadubini.

Zama hizo tabibu aliuona wekundu wa jicho kwa nje tu. Uvimbe wa ndani ulimfichikia, kwani mboni ni nyeusi; mtu akapofuka, na tabibu asijue kilichompofua. Sababu ni kuwa nuru iingiayo jichoni hurudi kwa njia ile ile iliyoingilia. Atakaye kuiona hana budi kusimama katika njia hiyo, na akisimama hapo kichwa chake huiziba taa.

Mwaka 1850, akisomesha Königsberg, Helmholtz alitafuta namna ya kuwabainishia wanafunzi wake jambo hili, ndipo alipoipata hila yake. Aliviinamisha vipande vya kioo kitupu mbele ya jicho, na taa akaiweka kando. Kioo kikaielekeza sehemu ya nuru ndani ya jicho, na nuru irudiyo ikapenya kioo kile kile ikamfikia mtazamaji. Akaongeza lenzi ili aone wazi. Mwaka 1851 alikieleza chombo hicho katika kitabu kidogo.

Tabibu Albrecht von Graefe wa Berlin alikipokea kwa furaha. Sasa ilionekana retina iliyovimba, mshipa wa fahamu uliofura, na damu iliyovuja. Hata kisukari, shinikizo la damu na kifua kikuu huweza kuacha alama zao humo.

Helmholtz alifariki mwaka 1894, naye alikiri kuwa kazi ile haikuhitaji elimu zaidi ya ile ya nuru aliyoisoma skuli. Na msingi wa elimu hiyo si mgeni kwetu. Al-Hasan bin al-Haytham wa Basra, aliyefariki yapata mwaka 1040, alibainisha katika Kitab al-Manadhir kuwa jicho huona kwa nuru itokayo kwenye vitu. Na Wazungu wakakifasiri kitabu hicho kwa Kilatini, wakakidurusu karne nyingi.

Basi tusiwaache watoto wetu wakaisoma elimu hii kwa ajili ya mtihani tu. Na ambaye macho yake yameanza kufifia asingoje giza: na aende kwa tabibu akatazamwe mapema.