Erich von Hornbostel: Msomi wa Muziki na Riziki Yake

Wahenga walituachia wosia kwamba mtu ni watu. Maisha ya Erich Moritz von Hornbostel, mmoja wa waasisi wa taaluma ya muziki linganishi, ni ithibati ya wosia huo. Jina lake hutajwa popote ala za muziki zinapoainishwa, ila ni nadra kuulizwa alikula nini alipokuwa akiziainisha na ni nani waliomfaa alipopoteza kazi.

Hornbostel alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 25 Februari 1877. Mamake, Helene Magnus, alikuwa mwimbaji aliyesifika, mwenye nasaba ya Kiyahudi. Licha ya kulelewa katika muziki, kijana huyu alisomea kemia na kutunukiwa shahada ya uzamifu mwaka wa 1900. Baadaye alihamia Berlin, akajiunga na mwanasaikolojia Carl Stumpf, ambaye mwaka huo huo wa 1900 alikuwa ameanza kuhifadhi muziki wa mataifa mbalimbali kwenye silinda za nta. Hifadhi hiyo ya sauti ndiyo Hornbostel aliyoiongoza hadi mwaka wa 1933.

Hifadhi yenyewe ilitegemea mtandao wa watu. Wasafiri, wamishenari na watafiti walibeba mashine za kunasia sauti, wakarejesha silinda Berlin. Kwa njia hiyo, bila kufika Unyamwezi, Hornbostel aliweza kuchapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi mwaka wa 1909, na baadaye, mwaka wa 1917, uchambuzi wa nyimbo za Rwanda zilizorekodiwa na Jan Czekanowski. Ifahamike, hata hivyo, kwamba mtandao huu ulipita katika njia zilizochongwa na ukoloni. Waimbaji waliotoa sauti zao hawakuwa na usemi mkubwa kuhusu zilikopelekwa wala zilivyofasiriwa.

Mnamo 1914, Hornbostel na mwenzake Curt Sachs walichapisha mfumo wa kuainisha ala kwa kuzingatia kitu kinachotetema ili kutoa sauti. Kwa mujibu wa mfumo huo, kayamba hulia kwa mwili wake wenyewe, ngoma kwa ngozi iliyowambwa, zeze kwa uzi, na siwa kwa hewa. Uzito wa mfumo huu ni kwamba haukumpa piano hadhi ya juu kuliko nyatiti. Zote mbili ni ala za nyuzi.

Kazi hiyo yote haikuwa na mshahara wa maana nyuma yake. Kwa miaka mingi Hornbostel aliigharamia hifadhi kutokana na mali ya familia yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mfumuko wa bei uliovuruga Ujerumani ukaimeza mali hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali iliichukua hifadhi na kuiambatanisha na chuo cha muziki cha Berlin. Hapo ndipo msomi aliyejitegemea alipogeuka kuwa mtumishi wa umma, akifundisha pia katika chuo kikuu.

Minghairi ya dhiki hizo, miaka hiyo ndiyo iliyopanua uhusiano wake na wasomi wenzake. Mwaka wa 1928 makala yake kuhusu muziki wa Waafrika ilichapishwa katika jarida la taasisi ya lugha na tamaduni za Kiafrika iliyokuwa London. Mwaka wa 1932 alihudhuria kongamano la muziki wa Kiarabu mjini Kairo, pamoja na Sachs, Robert Lachmann na mtunzi Béla Bartók. Kwa upande wa Marekani, mwanafunzi na msaidizi wake wa awali, George Herzog, alikuwa amekwisha kuhamia huko, naye mtunzi Henry Cowell alivuka bahari kuja kusoma kwake Berlin.

Mwaka wa 1933 Wanazi walitwaa mamlaka. Kwa sababu ya nasaba ya mamake, Hornbostel aliondolewa kazini. Sachs na Lachmann nao walifutwa. Wa kwanza akakimbilia Paris na hatimaye New York, wa pili akaenda Jerusalem. Serikali iliyokuwa mlishi wao ikawa ndiyo inayowanyang'anya tonge. Kilichobaki kuwasitiri ni ule mtandao wa wenzao. Hornbostel alipokewa New York katika chuo kilichofungua milango kwa wasomi waliofukuzwa, lakini afya yake ilikuwa imedhoofika. Mwaka wa 1934 alihamia Uingereza, na tarehe 28 Novemba 1935 akaaga dunia mjini Cambridge, akiwa na umri wa miaka 58.

Alichokiacha hakikuzikwa naye. Klaus Wachsmann, aliyesoma chini yake Berlin na ambaye pia alilazimika kuihama Ujerumani, alifika Uganda mwaka wa 1937. Huko alirekodi muziki wa jamii nyingi na, kuanzia mwaka wa 1948, akawa msimamizi wa Makavazi ya Uganda mjini Kampala. Tofauti na mwalimu wake, yeye aliwasikiliza wapigaji ala ana kwa ana. Nazo silinda za Berlin ziliingizwa na UNESCO mwaka wa 1999 katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Maisha ya Hornbostel yanadhihirisha kwamba elimu haiishi kwa akili pekee. Mali ya ukoo iliteketea na cheo cha serikali kikapokonywa, lakini uhusiano wa mwalimu, mwanafunzi na mwenzi wa kazi ukadumu. Kwa wanaokusanya fasihi simulizi, lipo funzo la ziada: katika mtandao wa msomi, mwimbaji wa kwanza naye ni mwenzi, na jina lake linastahili kuandikwa kando ya wimbo wake.