John Sampson: Daktari aliyefuata njia ya damu ya hedhi

DAKTARI John Albertson Sampson alipofariki dunia Desemba 1946 aliacha neno moja ambalo hadi leo hutamkwa katika kliniki za wanawake kote duniani: endometriosisi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), maradhi hayo huwapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190 walio katika umri wa kuzaa.

Sampson alizaliwa Agosti 1873 katika jimbo la New York, nchini Marekani. Alihitimu udaktari mwaka 1899 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, na huko akafundwa upasuaji na Howard Kelly, bingwa wa maradhi ya wanawake aliyekuwa na jina kubwa wakati huo. Baadaye alihamia Albany, mji usio na makuu, akawa profesa katika chuo cha udaktari cha huko. Huenda utulivu wa mji huo ndio uliomwezesha kutazama kwa subira mambo ambayo wenzake waliyapita haraka.

Jambo lenyewe lilikuwa uvimbe wa ovari uliojaa majimaji mazito yenye rangi ya chokoleti. Madaktari waliujua, ila hawakujua ulitoka wapi. Sampson aliwafanyia upasuaji baadhi ya wagonjwa karibu na siku zao za hedhi, akaona kuwa uvimbe huo nao ulivuja damu, kana kwamba ni mji wa mimba mwingine mdogo. Mwaka 1921 alichapisha matokeo hayo. Kufikia mwaka 1927 alikuwa amekamilisha hoja yake: damu ya hedhi haitoki nje yote, bali sehemu yake hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi hadi tumboni, ikibeba vipande hai vya utando wa mji wa mimba. Vipande hivyo hujipandikiza kwenye ovari, utumbo au kibofu, na kila mwezi huvuja damu mahali pasipo na njia ya kutokea. Hapo ndipo maumivu huanzia, na kwa wengine ugumba.

Si wote waliokubali. Robert Meyer wa Ujerumani na Emil Novak wa Marekani waliona kuwa utando wa tumbo wenyewe hugeuka na kufanana na ule wa mji wa mimba. Sampson hakuishi kuona mwaka 1950, pale watafiti walipoielekeza hedhi ya kima tumboni na baadhi yao wakapata ugonjwa huo.

Hata hivyo, nadharia yake ilikuwa na pengo kubwa. Utafiti wa mwaka 1984 ulionyesha kuwa damu hurudi tumboni kwa takriban asilimia 90 ya wanawake wenye mirija iliyo wazi, ilhali wanaougua ni kama mmoja kati ya kumi. Isitoshe, ugonjwa umewahi kuonekana kwa wanaume wachache waliotibiwa saratani ya tezi dume kwa homoni ya estrojeni. Wanaume hao hawakuwahi kupata hedhi.

Seli shina ziliingia katika pengo hilo. Hizi ni seli mama zenye uwezo wa kujizidisha na kuzaa seli za aina nyingine. Mwaka 2004 wanasayansi wa Australia walionyesha kuwa utando wa mji wa mimba una seli chache zenye tabia hiyo. Mwaka huohuo Hugh Taylor wa Chuo Kikuu cha Yale aliripoti wanawake wanne waliopandikizwa uboho wa mifupa; katika mji wa mimba wa kila mmoja zilikutwa seli za aliyemchangia uboho.

Matokeo hayo yanaweza kueleza mengi. Kipande cha kawaida cha utando hufa upesi tumboni, lakini kilichobeba seli shina chaweza kuota. Seli zinazotoka kwenye uboho nazo husafiri kwa damu, na hivyo huenda zikaeleza ugonjwa unaoota mbali, hata mapafuni. Sampson mwenyewe alikwisha kuandika kuwa vipande vya utando vinaweza kupita katika mishipa ya damu. Bado haijathibitishwa kwa mgonjwa ni seli ipi hasa huanzisha kidonda, na hadi sasa hakuna tiba ya kuumaliza ugonjwa wenyewe. Dawa za homoni na upasuaji hupunguza makali tu, na wanawake wengi husubiri miaka kadhaa kabla ya kuambiwa wanaumwa nini.