Frederick II: Mfalme aliyeipata Yerusalemu bila vita, akalaumiwa na pande zote

Jumapili ya tarehe 18 Machi 1229, mwanamume wa miaka 34 aliingia katika Kanisa la Kaburi Takatifu mjini Yerusalemu, akachukua taji lililowekwa juu ya altare na kujivika mwenyewe kichwani. Hakuna askofu aliyemvika wala padri aliyembariki.

Mtu huyo alikuwa Frederick II, kaisari wa Dola Takatifu la Roma na mfalme wa Sisilia. Alikuwa ameirudisha Yerusalemu mikononi mwa Wakristo miaka 42 baada ya Sultani Salahuddin kuitwaa. Majeshi makubwa ya Ulaya yalijaribu kufanya hivyo kwa upanga yakashindwa. Yeye alifaulu kwa mazungumzo. Hata hivyo, siku hiyo alikuwa ametengwa na Kanisa kwa amri ya Papa, na kesho yake tu mwakilishi wa Patriaki wa Yerusalemu alifika kupiga marufuku ibada katika mji wenyewe.

Ilikuwaje mtu aliyetimiza ndoto ya Wakristo wa Ulaya akaonekana adui wa Kanisa? Kulijibu swali hilo ni kuyasimulia maisha yake.

Yatima wa Palermo

Frederick alizaliwa tarehe 26 Desemba 1194 katika mji mdogo wa Jesi, nchini Italia. Baba yake, Kaisari Henry VI, alikuwa mtawala wa Ujerumani na sehemu kubwa ya kaskazini mwa Italia. Mama yake, Constance, alikuwa mrithi wa ufalme wa Sisilia, uliojumuisha kisiwa hicho pamoja na kusini mwa Italia bara. Alimzaa mtoto huyo akiwa na umri wa miaka 40.

Ukitazama ramani utauona mgogoro wote. Katikati ya Italia palikuwa na maeneo yaliyotawaliwa na Papa mwenyewe. Kama mtu mmoja angetawala kaskazini na kusini kwa pamoja, Papa angebanwa kama punje kati ya mawe mawili ya kusagia. Hofu hiyo ndiyo iliyomwandama Frederick tangu utotoni hadi kaburini.

Baba yake alifariki mwaka 1197. Mwaka uliofuata mama yake alihakikisha mtoto anatawazwa mfalme wa Sisilia, kisha naye akafariki, akiwa amemkabidhi kwa mlezi mwenye nguvu kuliko wote, Papa Innocent III. Frederick alikuwa hajatimiza miaka minne.

Alikulia Palermo, mji uliowahi kutawaliwa na Waislamu kwa zaidi ya miaka 200 kabla ya Wanormani kuuteka mwaka 1072. Bado Kiarabu, Kigiriki na Kilatini vilisikika huko, na ofisi za mfalme zilikuwa zimezoea kuandika nyaraka kwa lugha zote tatu. Babu yake mzaa mama, Mfalme Roger II, ndiye aliyemkaribisha mtaalamu Mwislamu al-Idrisi. Mwaka 1154 mtaalamu huyo alikamilisha kitabu cha jiografia kilichoeleza hata pwani ya Zanj, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kwa Frederick, Mwislamu hakuwa kiumbe wa kusimuliwa tu. Alikuwa jirani, karani na askari wa ikulu.

Ahadi iliyochelewa

Mwaka 1212, akiwa kijana wa miaka 17, Frederick alivuka milima kwenda Ujerumani kudai kiti cha baba yake, na Papa alimuunga mkono. Mwaka 1215 alitawazwa mjini Aachen na papo hapo akaapa kwenda Vita vya Msalaba. Mwaka 1220 Papa Honorius III alimvika taji la kaisari mjini Roma. Kaskazini na kusini zikawa chini ya mtu mmoja, na kile alichokiogopa Papa kikatimia.

Kiapo nacho kilibaki bila kutekelezwa. Frederick alikuwa na mambo mengi ya kupanga katika ufalme wake, na kila mwaka palikuwa na sababu mpya ya kusubiri. Wakati huohuo jeshi lingine la Msalaba lilikwenda Misri, likauteka mji wa Damietta, kisha mwaka 1221 likazingirwa na maji ya Mto Nile na kusalimu amri. Wengi Ulaya walimlaumu kaisari kwa kutofika.

Mwaka 1225 alimwoa Isabella, malkia kijana wa Yerusalemu, ndoa iliyompa haki ya kudai ufalme huo. Safari hii aliahidi kuondoka kabla ya Agosti 1227 kumalizika, na akakubali kutengwa na Kanisa iwapo angeshindwa.

Watu walikusanyika katika bandari ya Brindisi kwa maelfu, na joto la kiangazi likaleta ugonjwa wa mlipuko. Frederick aliondoka Septemba, akaugua njiani na kurudi nchi kavu. Papa mpya, Gregory IX, hakuukubali udhuru huo, akamtenga na Kanisa mwezi huohuo.

Adhabu hiyo haikuwa jambo dogo. Aliyetengwa hakuruhusiwa kupokea sakramenti, waumini walitakiwa kumwepuka, na kwa mtawala ilikuwa hatari zaidi kwa sababu raia wangeweza kuambiwa kwamba hawafungwi tena na kiapo cha kumtii.

Mazungumzo badala ya upanga

Juni 1228 Frederick alisafiri hivyohivyo, bila kusubiri msamaha. Papa alikasirika zaidi, kwani mtu aliyetengwa hakustahili kuongoza jeshi la Msalaba. Alipofika Akka mwezi Septemba, jeshi lake lilikuwa dogo na limegawanyika. Mashujaa wa vyama vya Templa na Hospitali hawakutaka kupokea amri zake waziwazi. Nyumbani Italia, jeshi la Papa liliuvamia ufalme wake.

Upande wa pili alikuwepo Sultani al-Kamil wa Misri, mtoto wa ndugu yake Salahuddin. Naye alikuwa na matatizo yake. Ukoo wao ulikuwa unagombania Dameski, na tangu mwaka 1226 alikuwa amemtuma mjumbe wake Fakhr al-Din hadi Sisilia kutafuta urafiki wa kaisari dhidi ya ndugu yake wa Dameski. Ndugu huyo alifariki mwaka 1227, kwa hiyo al-Kamil hakumhitaji tena Frederick kama zamani. Lakini pia hakutaka vita vipya wakati jeshi lake linakabili Dameski.

Wawili hawa walikuwa kwenye kona, na hakuna aliyeweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Wajumbe walikwenda na kurudi kwa miezi kadhaa, na tarehe 18 Februari 1229 makubaliano yakafikiwa. Wakristo walipewa Yerusalemu, Bethlehemu na Nazareti. Waislamu walibaki na eneo takatifu la Msikiti wa al-Aqsa na Kuba la Mwamba, pamoja na haki ya kuswali humo. Vita vilisitishwa kwa takriban miaka 10.

Waandishi wa historia wa Kiislamu wanasimulia kwamba Frederick alipolala Yerusalemu, kadhi wa Nablus aliwaamuru waadhini wanyamaze usiku ule kwa heshima ya mgeni. Asubuhi kaisari aliuliza kwa nini hakusikia adhana, na akasikitika, kwani alikuwa ametamani kuisikia.

Mkataba usio na wenyewe

Hapa ndipo palipo fundisho la maisha ya Frederick. Mkataba ulikuwa na watia saini wawili, lakini haukuwa na wananchi.

Mjini Dameski, mhubiri mashuhuri Sibt ibn al-Jawzi alitakiwa kuzungumza katika Msikiti Mkuu kuhusu kupotea kwa Yerusalemu, na watu walilia. Al-Kamil alionekana amekitoa kwa wageni kile ambacho ami yake alikikomboa kwa jasho na damu.

Kwa Wakristo, Patriaki Gerold alisema mkataba huo ni aibu. Kuta za Yerusalemu zilikuwa zimebomolewa miaka 10 kabla, mji haukuwa na ulinzi wa kutosha, na Waislamu walibaki na mahali patakatifu. Zaidi ya hayo, aliyeuleta ushindi alikuwa mtu aliyetengwa. Kuukubali ushindi wake kungekuwa kukiri kwamba Mungu anaweza kumbariki mtu aliyelaaniwa na Papa.

Tarehe 1 Mei 1229, Frederick aliteremka alfajiri kwenda bandarini Akka. Alipopita mtaa wa wauza nyama, watu walimrushia matumbo na mabaki ya nyama. Hivyo ndivyo alivyoagwa mkombozi wa Yerusalemu.

Hakuwa malaika

Siku hizi wapo wanaomsifu Frederick kama mtu wa kuvumiliana kati ya dini, aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Sifa hiyo inahitaji kupimwa.

Waislamu wa Sisilia walipoasi katika miaka ya 1220, aliwapiga, akawahamisha kwa maelfu kutoka kisiwani na kuwaweka Lucera, kusini mwa Italia bara. Huko aliwaacha wafuate dini yao, nao wakawa askari wake waaminifu, maana hawakuogopa amri za Papa. Lakini walikuwa watu waliong'olewa kwenye ardhi ya mababu zao. Pia alitunga sheria zilizoruhusu waliohesabiwa kuwa wazushi katika Ukristo wachomwe moto.

Upande mwingine, mwaka 1235 Wayahudi wa Fulda, Ujerumani, waliuawa kwa kusingiziwa kwamba waliua watoto wa Kikristo kwa ajili ya damu yao. Frederick aliitisha uchunguzi wa wataalamu, na mwaka 1236 akatangaza kwamba tuhuma hizo ni uongo. Alipenda kuchunguza mambo kwa akili. Alianzisha Chuo Kikuu cha Naples mwaka 1224, ambacho hadi leo kina jina lake. Sheria zake za Melfi za mwaka 1231 zilikataza mtu kutibu wagonjwa bila kufanyiwa mtihani na walimu wa Salerno. Aliandika pia kitabu kikubwa kuhusu uwindaji wa kutumia kozi, akiwakosoa hata wanafalsafa wa kale pale macho yake yalipoona tofauti.

Kilichomwongoza hasa kilikuwa utawala. Aliyemtii alilindwa, awe wa dini yoyote. Aliyeasi alisagwa, hata kama ni damu yake. Mwanawe Henry alipomwasi nchini Ujerumani, alimfunga gerezani, na akafa akiwa mfungwa mwaka 1242.

Pambano la mwisho

Frederick na Gregory IX walipatana mwaka 1230, lakini amani haikudumu. Miji ya kaskazini mwa Italia, ikiongozwa na Milano, ilikataa mamlaka yake. Aliishinda vitani huko Cortenuova mwaka 1237, kisha akaitaka Milano isalimu amri bila masharti, nayo ikakataa. Mtu aliyeweza kukubaliana na sultani alishindwa kukubaliana na wafanyabiashara wa Milano.

Mwaka 1239 alitengwa na Kanisa tena. Papa Innocent IV, aliyechaguliwa baadaye, alikimbilia Lyon, na mwaka 1245 mtaguso uliofanyika huko ukatangaza kwamba Frederick si kaisari tena. Mwaka mmoja kabla, Yerusalemu ilikuwa imetekwa na wapiganaji wa Khwarezm kutoka mashariki. Mji uliopatikana kwa kalamu ulikuwa umedumu miaka 15.

Mwaka 1248 jeshi lake lilipigwa nje ya Parma. Mwaka uliofuata mwanawe Enzo alitekwa na watu wa Bologna, ambao hawakumwachia hadi alipokufa. Frederick mwenyewe alifariki tarehe 13 Desemba 1250 huko Castel Fiorentino, akiwa na miaka 55. Alizikwa katika kanisa kuu la Palermo, na kaburi lake lipo hadi leo.

Nani alishinda?

Kwa haraka, Papa ndiye aliyeshinda. Ukoo wa Frederick ulifutwa. Manfred, mwanawe, aliuawa vitani mwaka 1266, na mjukuu wake Conradin akakatwa kichwa mjini Naples mwaka 1268 akiwa kijana wa miaka 16. Waislamu wa Lucera walibaki bila mlinzi, na mwaka 1300 mji wao ulivunjwa na wengi wao wakauzwa utumwani.

Lakini ili kuushinda ukoo huo, Mapapa waliomba msaada wa watawala wa Ufaransa, na msaada huo ulikuwa na gharama. Kufikia mwaka 1309 Papa alikuwa amehamishia makao yake Avignon, chini ya kivuli cha mfalme wa Ufaransa. Kaisari alianguka, na Papa naye akajikuta na mkubwa mwingine.

Kuhusu Yerusalemu, Frederick na al-Kamil walionyesha kwamba mji unaodaiwa na dini mbili unaweza kugawanywa mezani bila tone la damu. Walionyesha pia kwamba mkataba hautoshi kama wahubiri, askari na wauza nyama wa mtaani hawajaelezwa wanapata nini ndani yake. Viongozi wawili walikwenda mbele, na watu wao wakabaki nyuma.