Fabisch: Mwalimu Aliyeitwa Mara Tatu

Neno kocha tumelikopa kwa Waingereza, lakini katika viwanja vya vumbi vya Kibera na Kawangware si ajabu kumsikia mchezaji akimwita kocha wake mwalimu. Jina hilo halitolewi kwa heshima tu. Limebeba dai kwamba kandanda hufundishwa, na kwamba mwenye kuifundisha anahitaji muda. Maisha ya Mjerumani Reinhard Fabisch yanalipima dai hilo.

Alizaliwa mwaka 1950. Alikuwa kiungo asiyevuma kwao, na mchezaji wa namna hiyo kwa kawaida husahauliwa pindi atundikapo daluga. Fabisch alivuma kwetu. Mwaka 1987, Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika, aliiongoza Harambee Stars hadi fainali uwanjani Kasarani, nayo ikafungwa na Misri bao 1-0. Ungedhani kazi ndiyo kwanza imeanza. La, aliondoka.

Zimbabwe ndiyo iliyovuna. Alikaa huko miaka kadhaa, wala si msimu mmoja, akaunda kikosi ambacho watu wa huko wanakitaja hadi leo. Februari 1993 walishindwa 2-1 jijini Cairo huku vitu vikirushwa kutoka jukwaani. FIFA ikafuta matokeo na kuamuru mechi irudiwe Lyon, Ufaransa. Wamisri walihitaji ushindi. Wazimbabwe wakawazuia 0-0 na kusonga mbele. Baadaye mwaka huo walikwenda Yaoundé wakihitaji ushindi mmoja tu ili wafike Kombe la Dunia, wakafungwa na Kameruni 3-1.

Kenya ilimwita tena mwaka 1997, timu ikiwania kwenda Ufaransa, na mara ya tatu mwaka 2001. Kila mara alianza upya, na kila mara akaondoka mapema. Walimu wenzangu wanafahamu hali ya darasa linalobadilishiwa mwalimu kila muhula: wanafunzi hujua utangulizi wa kila somo, wasijue somo lolote. Anayeumia zaidi ni kijana wa Kawangware mwenye kipaji, asiye na karo ya chuo cha soka wala mjomba katika shirikisho. Yeye hutegemea jicho la mwalimu aliyedumu vya kutosha kuliona jina lake likikua.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa Benin. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2008 nchini Ghana, alitangaza hadharani kwamba alifuatwa na mtu aliyetaka kumlipa ili timu ishindwe, naye akakataa. Benin ilipoteza mechi zake zote tatu, dhidi ya Mali, Côte d'Ivoire na Nigeria. Ilishindwa kwa haki, jambo ambalo jedwali la matokeo halina safu ya kulionyesha.

Fabisch alifariki Julai 2009, akiwa na umri wa miaka 58.