John Davis, Bingwa Aliyeanza na Zege

Wapiga tizi wenzangu, mkiulizwa mtu mwenye nguvu ni nani, wengi mtataja waigizaji wa filamu za ngumi au baunsa wa mtaani kwenu. Mimi namtaja John Davis, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1984. Wapenzi wa vyuma duniani bado wanalijua jina lake. Kwetu halisikiki sana, na mimi naona tunapoteza.

Alizaliwa mwaka 1921 katika jimbo la New York, akakulia Brooklyn. Akiwa kijana wa sekondari alionekana kwenye uwanja wa michezo akinyanyua bonge la zege. Aliyemwona, Steve Wolsky, alikuwa mnyanyuaji vyuma. Akamchukua, akamwonyesha chuma halisi na namna ya kukishika. Mwaka 1938, akiwa na miaka 17 tu, Davis alikwenda Vienna akarudi bingwa wa dunia.

Hapo ndipo watu husema: kipaji hicho! Sikatai. Lakini zege peke yake lisingemfikisha Vienna. Alihitaji mtu wa kumfundisha.

Nalisema hili kwa sababu nilipokuwa Zegereni, Kibaha, kwa mafunzo kwa vitendo, niliona vijana wanaofanya vibarua viwandani wakijifua jioni. Chuma chao ni bomba lenye makopo mawili yaliyojazwa zege. Nguvu wanazo, maana mchana kutwa wanapakia magari. Ila mgongo unapinda kama upinde, chuma kinavutwa kwa kushtukiza, na anayefanikiwa kukiinua anashangiliwa bila mtu kuuliza amekiinuaje. Kibarua akiumia mgongo, kesho hana hela ya kula. Mgongo ndio mtaji wake.

Wanafizikia mtanisaidia hapa. Uzito ukiwa mbali na mwili, hata kwa shubiri moja, mzigo unaobebwa na mgongo unaongezeka sana. Ndiyo maana mnyanyuaji mzuri anakivuta chuma karibu kabisa na miguu, mgongo umenyooka, na anaanza kusukuma kwa miguu kabla ya kuitegemea mikono. Enzi za Davis mashindano yalikuwa na minyanyuo mitatu: kusukuma chuma juu kutoka mabegani bila msaada wa miguu, kukinyakua kutoka chini hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, na kukipandisha kwa hatua mbili, kwanza mabegani, kisha juu. Huwezi kushinda yote matatu kwa ubabe tu.

Vita Kuu ya Pili ilifuta Olimpiki za 1940 na 1944, na Davis mwenyewe akaingia jeshini. Mtu mwingine angeona miaka yake mizuri imeshapita. Yeye alirudi, na London mwaka 1948 akachukua dhahabu ya uzito wa juu kwa jumla ya kilo 452.5.

Mwaka uliofuata alikuwa Paris, mbele ya chuma maarufu cha Apollon: magurudumu mawili ya reli yaliyounganishwa kwa mhimili mnene, kilo 166 hivi. Kwake kilo hizo hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa unene wa mhimili, vidole havikuweza kuuzunguka. Alijaribu, akashindwa, akajaribu tena. Mwishowe alibadili mshiko: kiganja kimoja kikatazama mbele na kingine nyuma, na chuma kilipokuwa kinapaa akakigeuza kile kimoja haraka, akakipokea mabegani, kisha akakipandisha juu ya kichwa. Nguvu zake zilikuwa zilezile za jaribio la kwanza. Alichobadili ni mbinu.

Mwaka 1951 akawa mnyanyuaji wa ridhaa wa kwanza kupandisha zaidi ya ratili 400 kwa hatua mbili, yaani kilo 182 na ushee. Helsinki mwaka 1952 akachukua dhahabu ya pili, jumla kilo 460. Tangu 1938 hakuna aliyemshinda, mpaka Doug Hepburn wa Kanada alipomwangusha mwaka 1953. Na msidhani dhahabu zilimtajirisha. Alifanya kazi ya askari magereza mjini New York, na pembeni alipenda kuimba opera.

Sasa chukueni kalamu. Toa 452.5 kwenye 460. Bingwa wa dunia, kwa miaka minne kati ya Olimpiki na Olimpiki, aliongeza kilo saba na nusu kwenye jumla ya minyanyuo mitatu. Sisi huku chuoni mtu anaanza tizi Jumatatu, Ijumaa anataka kuongeza kilo kumi ili aonekane miraba minne kabla ya kufunga chuo.

Ushauri wangu ni mdogo. Anza na bomba tupu mpaka mwili ulizoee. Mwombe mwenzako asimame ubavuni mwako, asihesabu mara ulizonyanyua, aangalie mgongo tu. Akiona umepinda, akwambie, na wewe ukishushe chuma hata kama mlikuwa mnawekeana dau. Ongeza uzito pale tu utakapomaliza wiki nzima bila kuambiwa.